Vihenge vya 1905

Oktoba 1905, vita ya Majimaji ikiwa na miezi mitatu tangu wakulima wa Umatumbi wang'oe miche ya pamba ya akida, Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani alimwandikia Gavana Gustav Adolf von Götzen ushauri wa kijeshi. Risasi peke yake, alisema, ni tone tu la maji baharini. Kitakachowafanya watu wa kusini wasalimu amri kabisa ni njaa na ufukara. Götzen hakuhitaji kubembelezwa. Askari wake walipoingia kusini walifuata njia hiyohiyo: kijiji kinachomwa, chakula kinachukuliwa, kisichobebeka kinatiwa moto.

Mwulize Mtanzania aliyesoma historia shuleni habari za Majimaji. Atakutajia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, dawa ya maji, risasi zilizokataa kugeuka maji, na wazee wa Kingoni walionyongwa Songea. Pengine atakumbuka na tamthilia ya Ebrahim Hussein. Mitihani nayo ilipenda maswali mawili: sababu za vita na sababu za kushindwa. Njaa ilitupwa chini kwenye "matokeo", mstari mmoja, halafu kengele inagongwa. Mimi naona mstari ule ndio uliostahili kitabu kizima. Bunduki zilipigwa kwa miaka miwili hivi, lakini kile alichokitaka Wangenheim kiliwafuata watu mpaka kwenye vitanda vya kujifungulia, na kiliendelea kuwafuata hata baada ya Mjerumani mwenyewe kufukuzwa nchini.

Ili kuelewa ukatili wa mpango huo, uangalie kwa jicho la mkulima. Mvua za kupandia kusini huanza mwishoni mwa mwaka, Novemba au Desemba. Wakati huo kihenge cha kaya kimebeba vitu viwili: chakula cha kuvukia miezi ya palizi, na mbegu za msimu ujao. Ukikichoma Oktoba au Novemba umechoma mwaka huu na mwaka ujao kwa kiberiti kimoja. Wanaume wako porini wanapigana au wamekufa, wanawake na watoto wamejificha misituni, jembe limebaki kwenye nyumba iliyoungua. Mvua inanyesha, hakuna anayepanda. Kufika katikati ya 1906, wakati wa mavuno, hakuna cha kuvuna.

Na hili halikutokea kwa bahati mbaya, kama wanavyosema watu wakitaka kuipunguzia vita lawama. Kapteni Richter, aliyekuwa akisimamia Songea, alipoambiwa kwamba njaa inanukia, alijibu kwamba ni sawa tu, watu hao na wafe njaa. Askari watajipatia chakula chao. Akaongeza kwamba angekuwa na uwezo, angewazuia hata kupanda, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kuwafanya waichukie vita.

Watu walirudi kwenye vyakula vya porini. Wazee wa kusini walikuwa na elimu kubwa ya mambo haya kabla ya Majimaji, na waliendelea kuwa nayo baadaye. Mtafiti Crosse-Upcott aliyeishi na Wangindo alichapisha mwaka 1958 makala nzima kuhusu jinsi walivyojua kuvuka njaa. Ming'oko, viazi vya mwituni vinavyochimbwa ardhini, mpaka leo huchemshwa na kuuzwa Mtwara na Lindi, na mtu hula kwa chumvi na pilipili akifurahia. Lakini ming'oko ni upande mwepesi wa elimu hiyo. Upande mzito ni ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu.

Ndiga humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwenye maji yanayotembea kwa siku kadhaa, huanikwa juani mpaka ikauke, ndipo hutwangwa kupata unga. Ukifupisha safari hiyo, sumu yake hushika mishipa ya fahamu: kizunguzungu, degedege, mwili kupooza, na kwa mtoto mdogo, kifo. Kwa hiyo ndiga huhitaji mto, huhitaji siku, na huhitaji mtu asiyewindwa. Mama aliyekuwa mafichoni mwanzoni mwa 1906, doria zikipita njia za mtoni, aliweza kuipata ndiga yenyewe. Muda wa kuitoa sumu ndio aliokosa. Hivi ndivyo vita inavyoua mtu ambaye hajaiona hata bunduki moja.

Hesabu za pande mbili hazifanani hata kidogo. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389, askari na wasaidizi wao. Upande wa wenyeji, serikali yenyewe ilikiri watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, mwana wa kusini aliyefanya utafiti mkubwa wa mdomo Umatumbi na Ungindo miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, yaani karibu theluthi moja ya watu wote wa eneo lililopigana. Katika hao, waliokufa kwa risasi ni sehemu ndogo. Wengi waliuawa na njaa na maradhi yanayotembea na njaa.

Hapo ndipo vitabu vingi hufunga sura: Götzen anaondoka 1906, anakuja gavana mpya, Rechenberg, sera zinalegezwa. Tuendelee na waliobaki hai.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, A. T. Culwick, ofisa wa utawala wa Kiingereza katika bonde la Kilombero, pamoja na mkewe G. M. Culwick, walifanya uchunguzi wa idadi ya watu wa Ulanga. Ulanga ni nchi ya Wapogoro, Wandamba na Wambunga. Mahenge, boma lake kuu, lilishambuliwa na maelfu ya wapiganaji Agosti 1905. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Akina Culwick walihesabu watoto ambao kila mwanamke amewazaa, wakalinganisha marika, na wakahitimisha kwamba njaa ya Majimaji iliwapunguzia uzazi wanawake walionusurika kwa zaidi ya robo. Yaani hata usipowahesabu waliokufa, kila mama wanne waliobaki walizaa watoto ambao, bila vita, wangezaliwa na mama watatu tu.

Tunaweza kubishana na takwimu za maofisa wa kikoloni, na mara nyingi tunapaswa kubishana nazo. Lakini kinachoelezwa hapa daktari yeyote wa wanawake anakijua. Mwili wa mwanamke ukikosa chakula kwa muda mrefu huacha kupata hedhi. Akishika mimba, ujauzito una hatari ya kuharibika, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati na mwepesi. Hayo yangeisha chakula kikirudi, kama tatizo lingekuwa kwa watu wazima tu. Lakini kuna msichana.

Mchukue msichana aliyezaliwa Mahenge mwaka 1906. Simtaji jina kwa sababu sizungumzii mtu mmoja, nazungumzia rika. Akiwa tumboni mama yake alikuwa anakula mizizi. Aliponyonya, maziwa yalikuwa machache. Miaka ya kwanza ya maisha ndiyo inayoamua kimo, na mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili ni nadra kukifidia kimo hicho chote baadaye hata akishiba. Na mfupa wa nyonga hukua pamoja na kimo. Msichana aliyedumaa huja kuwa mama mwenye nyonga nyembamba. Siku ya uchungu mtoto hukwama njiani. Leo huyo anapelekwa kupasuliwa. Kwenye miaka ya 1920, kijijini Ulanga, uchungu ulimalizika kwa mtoto mfu, au mama mfu, au mama aliyebaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, akitengwa na mume na jirani. Akijaliwa kuzaa salama, mtoto wa mama mfupi aliyedumaa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa mwepesi. Basi ikiwa ni binti, hesabu inaanza upya. Hakuna laana hapo. Ni mifupa tu.

Rika hilo la 1906 halikupewa hata nafasi ya kukua kwa amani. Lilipofika miaka kumi na moja vita ikaja tena, safari hii ya Wazungu wenyewe. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, alikuwa anarudi nyuma kuelekea kusini akiwaburuza Waingereza, na kila jeshi lilikula lilipopita. Oktoba 1917 Wabelgiji walichukua Mahenge. Mwezi huohuo mapigano ya Mahiwa, bara ya Lindi, yaliua na kujeruhi askari kwa maelfu. Novemba Lettow akavuka Ruvuma. Daktari wake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa, na kwamba hawakuwa tena na haki ya kujiita waleta ustaarabu. Nampa heshima yake. Wenzake wengi waliandika vitabu vya ushujaa.

Wapagazi ni habari ya peke yake. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Walipewa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, bila muda wa kutosha wala vyombo vya kuupika ukaiva. Soko la Kariakoo, tunakobanana kila siku tukitafuta bei nafuu, limesimama palipokuwa kambi yao.

Kule Ugogo, mbali na nchi ya Majimaji, jambo lilelile lilijirudia kwa jina jingine. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916 nao wakachukua, pamoja na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua zikakosekana. Wagogo waliita njaa ile Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika wilaya yenye watu 150,000, na wazazi wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa jirani wa mbali ili wapate debe la nafaka. Ukame wa Ugogo haukuwa kitu kigeni, na kila kaya ilikuwa na akiba yake ya mifugo kwa siku kama hizo. Vita ndiyo iliyoipeleka akiba hiyo kwenye masufuria ya askari. Mwisho wa 1918 mafua ya Kihispania yakakuta watu wamekwisha kukonda. Yalichukua, kwa makadirio, kati ya 50,000 na 80,000 katika iliyokuwa koloni ya Wajerumani.

Turudi kusini, kwa sababu huko madhara yaliingia hata ardhini. Kabla ya 1905, nchi kati ya Rufiji na Ruvuma ilikuwa na watu wanaolima, wanaochoma vichaka, wanaowinda nguruwe na tembo waharibifu. Mbung'o anahitaji kivuli cha kichaka na damu ya mnyama pori; mkulima akikaa kwa wingi, mbung'o anasogea. Watu walipokufa au kukimbilia pwani, vichaka vilirudi kwenye mashamba, wanyama wakafuata vichaka, mbung'o akafuata wanyama, na malale yakawa tishio. Waliobaki, wakiwa wachache na wametawanyika, hawakuwa na nguvu ya kulirudisha pori nyuma. Tembo na nguruwe walikula walichopanda. Kwa hiyo njaa ya pili na ya tatu hazikuhitaji jeshi.

Wajerumani walikuwa wameanza kutenga mbuga za uwindaji upande wa Rufiji tangu 1896. Waingereza walizipanua, na mwaka 1922 wakaipa hifadhi jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1940 watu wa sehemu kubwa ya Liwale walihamishwa wakusanywe mahali pamoja. Sababu zilizotolewa zilikuwa malale na tembo. Yule msichana wa 1906 sasa ni bibi. Kama alikuwa ameolewa Ungindo, anabeba mkeka na sufuria kwenda asikokujua kwa sababu ya ugonjwa unaoletwa na nzi aliyerudishwa na vita aliyozaliwa nayo. Baadaye nchi hiyo ikasifiwa duniani kuwa pori lisiloguswa na binadamu, na 1982 ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Tangu 2019 sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anapelekwa kwa boti kuona viboko, anapiga picha, anaambiwa kuwa hivi ndivyo Afrika ilivyokuwa tangu mwanzo. Palikuwa na mashamba.

Sayansi ya jinsi njaa ya mama inavyomfuata mwana mpaka uzeeni ilipatikana kwingine, kwa watu waliokuwa na bahati ya kuandikwa kwenye daftari la wodi. Majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi kama adhabu ya mgomo wa reli. Mgao katika Amsterdam ulishuka mpaka kalori 400 hadi 800 kwa siku. Watu wapatao 20,000 walikufa, na Mei 1945 chakula kikarudi ghafla. Kwa kuwa njaa ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na hospitali zilikuwa zimeandika kila uzazi, watafiti waliweza kuwafuatilia watoto wale hadi utu uzima. Waliokuwa matumboni miezi ya mwanzo ya mimba walizaliwa na uzito wa kawaida, mtu angesema wamepona; kisha wakapata maradhi ya moyo na unene kuliko wenzao. Skizofrenia iliwapata karibu mara mbili ya wengine. Mwaka 2008 ilionekana kwamba miongo sita baadaye jeni zao bado zilikuwa na alama za kikemikali tofauti na za ndugu zao, alama zinazoamua jeni ifanye kazi kwa nguvu au kwa unyonge. Kwa wajukuu matokeo hayajakaa sawa, na wanasayansi waangalifu hawapendi kuapa. Jambo moja halina ubishi: mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote. Mama mwenye njaa aliye na mimba ya binti amebeba vizazi viwili.

Uholanzi ni nchi tajiri iliyoshiba upesi. Ushahidi wa karibu zaidi na sisi ulitoka Nigeria. Vita ya Biafra, 1967 hadi 1970, nayo ilipiganwa kwa kufunga njia za chakula. Watafiti walikwenda Enugu miaka arobaini baadaye, wakapima watu wazima masokoni, na matokeo yakachapishwa 2010. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa na shinikizo la damu na sukari ya juu kuliko waliozaliwa baada yake, na wengi zaidi walikuwa na uzito uliozidi. Mwili uliojifunza uhaba tangu tumboni, ukikutana na chapati na soda za mjini, haujui la kufanya nazo.

Hapa kuna kishawishi ambacho afadhali tukikatae. Mtu anaweza kuchukua ramani ya udumavu ya Tanzania ya leo, akaona nyanda za juu kusini zimeiva rangi nyekundu, akasema: hiyo hapo, Majimaji. Ramani haikubali. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 mkoa ulioongoza kwa udumavu ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano. Na Wahehe wa Iringa mwaka 1905 wengi wao walikuwa upande wa Mjerumani. Iringa inalisha mikoa mingine mahindi. Kuna mambo ya ulishaji wa watoto, kazi nyingi za mama, maji machafu, na mauzo ya chakula chote kilichovunwa. Ukimtupia Götzen kila kitu unamsamehe mkuu wa mkoa wa leo. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na kigumu zaidi kukwepa: kwa marika mawili au matatu yaliyofuata 1905, katika Ulanga, Liwale, Umatumbi na Ungoni, afya ya mama na mtoto iliamuliwa na agizo la kijeshi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa pale. Aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wale walionyongwa, ambaye mabaki yake familia imeyangoja kwa zaidi ya karne. Lilikuwa jambo jema na lilichelewa. Lakini angalia kinachoweza kuwekwa mezani katika mazungumzo kama hayo: fuvu, vyombo vya makumbusho, orodha ya walionyongwa. Mama wa Ulanga ambaye hakupata mtoto wake wa nne hana mahali kwenye orodha. Mtoto huyo hakufa, hakuzaliwa. Aliyezaliwa ndani ya njaa ile, kama angefika siku ya Steinmeier, angekuwa na miaka 117. Hakuna tena wa kumpima presha.

Siku hizi Kapteni Richter asingesema vile bila kuogopa wanasheria. Itifaki ya Geneva ya 1977 inakataza kuwaua raia kwa njaa kama mbinu ya vita, na Mei 2018 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2417 kulaani jambo hilohilo. Agosti 2024 wataalamu wa usalama wa chakula walitangaza baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher, Darfur, Sudan, mji uliokuwa umezingirwa na wapiganaji wa kundi la RSF. Aprili 2025 kambi yenyewe ilivamiwa na watu wakatawanyika, wengi kwa miguu kuelekea Tawila. Miongoni mwao walikuwamo wajawazito na watoto wa kike wenye miezi michache. Kama kutakuwa na nchi yenye daftari la kuwatafuta, na fedha za kununua mashine ya presha, zamu yao ya kupimwa kama walivyopimwa wa Enugu itafika karibu mwaka 2065.